Ukanda Mweusi Juu ya Picha Yangu

Nilikufa Jumamosi jioni, nikiwa nimekaa uani kwenye kiti changu cha mbao, napaa samaki. Mimi mwenyewe sikujua. Niliambiwa na wenzangu, wanawake wa samaki, waliofika wakilia tangu barabarani, vitenge vimekazwa kiunoni, mmoja amekwisha kuvua viatu.

Lakini nianze pale mambo yalipoanza.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kiume, anasoma informatique, elimu ya kompyuta, chuo kikuu hapa Kisangani, na anakaa kwangu. Mimi shule iliniacha darasa la pili. Kusoma ninasoma, ila ninasoma kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe: nikikosa jiwe, ninasimama. Huyu mtoto amekula samaki wangu tangu hana meno, leo anaongea na mashine na mashine inamtii. Nikipita sokoni ninatembea polepole kusudi watu wanione vizuri, bibi yake.

Alitutengenezea programu ya kwenye telefone, sisi mama wa samaki wa karibu na maporomoko. Mwenye hoteli au mpishi wa Makiso, kule mjini kati, anafungua, anaona nani ana samaki gani leo, anatuma mtu. Lakini wengi wetu hawasomi kabisa. Nikamwambia mjukuu, “Maneno uwawekee wanunuzi. Sisi utupe rangi.” Akanisikia. Juu ya skrini kuna ukanda, yeye anauita barre. Ukiwa wa bluu, upo kwa samaki wabichi. Ukiwa rangi ya udongo, upo kwa samaki wa moshi. Ukiwa kijani, hapo ni pa kusikiliza sauti ambazo watu wametuma. Katikati ya ukanda kuna picha yangu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa mama wote: kitambaa cha njano kichwani, nacheka, pengo langu linaonekana wazi.

Mama wakajifunza ule ukanda kuliko walivyojifunza katekisimu. Walikuwa hawatazami kitu kingine. Rangi ikibadilika, wanajua wamefika wapi.

Akawafundisha na jambo lingine. Kwetu courant, umeme, inakuja inapotaka, basi kila mama aliwekewa telefone igeuke nyeusi yenyewe jua likizama, ili isile batri. Binti yangu wa mwisho naye aliwekewa hivyo hivyo, alipokuja kunisalimia kutoka Yanonge, chini ya mto, kule alikoolewa.

Huyo binti ndiye nitakayemsema sasa. Alikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya wakati. Hii ya tatu ilikuwa imepita pale zingine zilipoishia, na muuguzi wa kule alimwambia: lala, usibebe ndoo, usipande moto, ile pikipiki, usipande pirogue, ule mtumbwi, watu wasikuletee maneno mazito. Kila siku alifungua ile programu, hakuwa na samaki wa kuuza, anafungua tu anione nikicheka. Alinitumia sauti siku moja: “Mama, nikiona meno yako, mutoto anacheza.”

Sasa, ikakaribia Juma Takatifu, wakati samaki wanatafutwa kuliko nyama. Mjukuu, ambaye huniita koko, yaani bibi, akasema, “Koko, tubadilishe thème, mapambo ya programu, kwa ajili ya Jumapili ya Matawi. Barre itakuwa zambarau kama nguo ya padiri, na matawi ya mchikichi huku na huku ya picha yako.”

“Weka,” nikasema. “Na mimi niwe katikati.”

“Si uko katikati siku zote, koko!”

Aliipeleka kwenye telefone zote Jumamosi mchana. Tulitazama wote wawili, jua kali, ukanda zambarau, matawi yamepinda vizuri juu ya kichwa changu kama mtu maarufu. Nilionyesha majirani. Nilionyesha hata mwuza makaa, ambaye hakuniuliza.

Halafu jua likazama.

Mama wa kwanza kuingia uani alikuwa rafiki yangu wa tangu ujana, huniita yaya, dada mkubwa, tuliuza pamoja tukiwa na vikapu vya kwanza. Aliniona nimeshika kisu. Akapiga kelele, akakaa chini palepale kwenye magamba.

“Yesu! Yaya, uko muzima?”

“Nani amekufa?” nikauliza, na mimi nimesimama.

“Weye!”

“Mimi?”

“Weye ndjo umekufa! Angalia!” Akanisukumia telefone usoni. “Angalia mwenyewe, halafu useme kama huyu haiko mufu!”

Nikaangalia. Ukanda mweusi tii. Picha yangu haina rangi, kitambaa cha njano kimekuwa majivu, meno yangu kama ya mtu wa ndani ya sanduku. Na huku na huku matawi ya mchikichi, meupe juu ya weusi. Kwetu mtoto wa kutambaa anajua: ukiona matawi ya mchikichi yamesimamishwa njiani, punguza sauti, mbele kuna matanga. Hakuna mtu wa Kisangani atakayeona matawi, na weusi, na sura yako katikati, aulize mara mbili.

Mwingine akasema, “Bon, tumekuja kulia, tutalia tu. Nimefunga na kibanda.”

“Mulilie nini? Samaki?”

“Tulilie nguo za kuvaa kesho. Nimepeleka yangu nyeusi kwa mufuaji!”

Wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu walioogopa sana. Hata mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikamkumbuka binti yangu, na kicheko kikabaki kimekaa mdomoni peke yake.

Mjukuu alitoka ndani akasimama mlangoni. Alitazama telefone ya rafiki yangu, akatazama yake ambayo ilikuwa bado zambarau, kwa sababu yake hakuiweka igeuke. Uso wake ukasawijika.

“Nilichagua rangi ya muchana,” akasema. “Ya usiku niliacha telefone ijichagulie. Sikuangalia.”

“Shangazi yako,” nikamwambia. “Piga kwa shangazi yako.”

Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Nikachukua telefone mimi, kana kwamba kidole changu kina nguvu kuliko chake. Haipatikani.

Kule Yanonge kuna tonton mmoja, mjomba wa watu wote, anakaa pale pirogue zinapofunga gati, anajua kila anayepanda na kushuka. Nilikuwa na namba yake. Ikaita. Akaitika.

“Tonton,” nikasema, “ni mimi, mama wa fulani, wa Kisangani, wa samaki.”

Nikasikia anapumua.

“Nani?”

“Mimi! Mama yake!”

“Kwa jina la Baba na la Mwana,” akasema, akakata.

Nikapiga tena. Hakuitika. Nikapiga tena, akazima kabisa. Nilisimama pale na telefone sikioni, mtu hai, mwenye sauti, mwenye njaa hata, na sina njia ya kumwambia mtu mmoja duniani kwamba nipo. Kadiri nilivyosema ni mimi, ndivyo alivyoniogopa.

Mjukuu alitafuta namba ya mke wa tonton, akaongea yeye, akaapa, akalia. Mwisho tonton akachukua telefone kwa mbali kama mtu anayeshika nyoka.

“Alors haukukufa, mama?”

“Sikufa! Binti yangu iko wapi?”

“Amesha kupanda pirogue ya motere. Alilia toka nyumbani mupaka mayi ya muto. Walimukataza, mama. Bwana yake iko pori, hawakumupata. Alisema, mimi siwezi kulala kitandani wakati mama yangu iko chini.”

Moto binti yangu alikuwa ameikataa kwa kumkumbuka muuguzi. Akaona pirogue, ingawa nayo ilikatazwa, ni afadhali, kukaa juu ya magunia ya mihogo, motere ikitetemesha mbao chini yake, usiku mzima kupandisha mto.

Mjukuu alileta ordinateur, kompyuta yake, akapiga magoti nayo uani. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Aliondoa matawi, akarudisha bluu na udongo na kijani, akaandika kwamba hata usiku ukanda na picha yangu visiguswe rangi zake. Wenzangu walifungua telefone zao, na mmoja mmoja nikafufuka. “Huyu hapa! Meno yamerudi!” Walipiga vigelegele.

“Na kwake?” nikauliza.

“Koko, mpaka apate réseau.”

“Na mutoni?”

Kati ya Yanonge na hapa ni maji na miti, mtandao hakuna. Nilishika kitufe cha sauti, nikasema, “Mwanangu, mimi ni mzima, rudi, lala.” Ikatoka. Ikakaa na alama moja ya kijivu. Mjukuu alikuwa amenifundisha: alama moja, imetoka kwako, mbili, imefika kwake. Niliitazama ile moja jinsi unavyotazama sufuria. Nilituma nyingine. Nyingine tena. Zote zikakaa na alama moja moja, zimepangana kama watu wasiopata boti.

Usiku ule sitausimulia.

Alfajiri tulichukua toleka mbili, baiskeli za kubeba abiria, mjukuu yake na mimi yangu, mpaka bandarini Makiso. Niliogopa sana vijana wa baiskeli wasije wakakawia. Njia nzima watu walikuwa wanakwenda kanisani, na kila mmoja, mkubwa na mdogo, ana tawi la mchikichi mkononi. Mji mzima. Maisha yangu yote nimeipenda ile Jumapili. Asubuhi ile nilitaka kuwanyang’anya wote, niyatupe majini, kabla mtoto wangu hajashuka akaona.

Pirogue ilikuwa tayari inafunga gati. Nilimtafuta kwa kitenge nilichompa, sikukiona. Kulikuwa na mwanamke mmoja amekaa juu ya magunia, kichwa hakina unywele, kinang’aa. Sikumjua. Nilimpita kwa macho, nikaangalia wengine. Ndipo yule asiye na nywele akageuka.

Walikuwa wamemnyoa kabla ya kuondoka. Wanawake jirani zake, kwa wembe, kwa matanga yangu, kama anavyonyolewa aliyefiwa.

Hakukimbia. Aliniangalia kwa muda, halafu akashuka na kukaa kwenye matope, mikono imeshika tumbo. Nilipofika alinipiga begani, mara nyingi, kwa ngumi isiyo na nguvu.

“Mama, weye ni mubaya,” alisema. “Mubaya! Nimekulilia mupaka nimekauka!”

“Mimi huyu. Mimi huyu, mwanangu.”

“Tumbo inakaza, mama.”

Mjukuu alisimama nyuma yangu, viatu vyake ndani ya maji. Hakuthubutu kusogea.

Sasa yupo maternité, wodi ya wazazi, kitanda cha dirishani, miguu imeinuliwa juu ya tofali. Muuguzi, mama mnene asiyependa maneno mengi, alimsikiliza tumbo, akasema mtoto bado anapiga. Nikauliza, mtoto atakaa tumboni? Akasema, “Mama, hiyo hata mimi sijui. Alale. Nanyi musimuchoshe.” Nikauliza nifanye nini. Akasema, “Ukae.”

Mimi, mtu wa kukata, kubeba, kubishana bei, ninakaa. Mjukuu anakuja akitoka chuoni, anakaa upande ule mwingine. Juzi alinong’ona kwamba ataifuta programu yote. Shangazi yake akamsikia, akanyoosha mkono, akaomba telefone yake mwenyewe iliyokuwa chini ya mto wa kulalia. Haikuwa na mega za intaneti tangu Yanonge. Alifungua. Jua lilikuwa limezama, na ukanda ulikuwa bado mweusi, matawi yapo, mimi katikati sina rangi.

“Huku kwangu ungali umekufa, mama,” akasema, akacheka kidogo, akaacha haraka kwa sababu kucheka kunakaza tumbo.

Mjukuu alimpa mega zake. Tulingoja. Ikazunguka, ikazunguka, kisha ukanda ukawa kijani, kitambaa changu kikawa njano, na sauti zangu zote za usiku ule zikaingia kwa pamoja, zikilia ting, ting, ting. Hakuzisikiliza. Alifumba macho.

Ninapitisha kiganja juu ya kichwa chake. Nywele zimeanza kuota, zinachoma kama mchanga. Hayo ni matanga yangu mwenyewe ninayoyapapasa, na mkono mwingine umetulia juu ya tumbo lake, unangoja mtoto acheze.