Watoto Waliochelewa Kurudi

Agneta aliwakatia watu tiketi katika jumba la vidio pale njia panda ya Mamboleo kwa miaka mitatu bila kutazama sinema hata moja. Jina Agneta lenyewe lilikuwa limebaki kanisani na kwenye kitambulisho. Huko nje kila mtu alimwita Mama Oduor, na kila walipomwita hivyo alijibu upesi, kana kwamba akichelewa jina lingechukuliwa na mwingine.

Mwenye jumba alikuwa Bildad, mtu wa Murang'a aliyekuja Kisumu kuuza misumari na mabati, akaona watu wa njia panda wana muda mwingi na starehe chache. Akakodi stoo iliyokuwa ya mahindi, akapanga mabenchi, akaweka televisheni juu ya meza mbili zilizopandana. Mlangoni alimtaka mama wa kanisa, kwa kuwa vijana wa stendi wangeweza kumzunguka mtu yeyote ila mama anayeweza kuwauliza habari za mama zao. Hesabu yake ilikuwa sawa. Hakuna aliyempita Agneta bila kulipa hata siku moja.

Mbele, kando ya televisheni, alisimama Gordon. Kazi yake ilikuwa kuwafasiria watu sinema kwa mdomo, papo hapo, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kijaluo na chochote kingine kilichomjia. Kijaluo pekee kisingefaa, maana watazamaji walikuwa wa kila namna. Mtu akipigwa teke China, Gordon ndiye aliyelia. Wengine walisema wazi kwamba wanalipa kumsikiliza Gordon, televisheni ni ya kuwasaidia macho tu.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa 1991, Bildad alileta kaseti mpya kutoka Nairobi. Ilipofika robo saa bila mtu kupigwa, watu walianza kunung'unika.

"Bildad, hii ni ya Sunday school!" mmoja akapaza sauti. "Wapi bunduki?"

"Ngojeni, jamani," Gordon akasema. "Hii ni America ya zamani, wakati babu zao walikuwa wanavaa kofia kwenda choo. Hawa watoto watatu ndio ma-star. Mwenye alitengeneza hii picha alikuwa analilia utoto wake, hata mimi naona."

Na kweli, kidogo kidogo jumba lilitulia. Wale watoto, wasichana wawili na mvulana mmoja, walisukuma gurudumu tupu la baiskeli kwa kijiti. Walitega ndege. Walipigwa kwa kuchafua nguo. Wanaume wenye mvi walianza kucheka pole pole, kila mmoja akimwambia jirani yake kwamba hata sisi, hata sisi tulifanya hivyo kule nyumbani. Mzee mmoja fundi wa viatu alifuta macho kwa kofia yake, akasingizia vumbi. Ilikuwa ajabu kuona watu wa Mamboleo wakikumbuka utoto wao kwa msaada wa Wazungu.

Kisha watoto wale wakaingia katika kimtumbwi, wakapiga kasia ziwani. Ukungu wa kijani ukashuka kutoka juu, na ndani yake kitu kikubwa kikavuma bila kuonekana. Ulipoinuka, wakarudi ufuoni wakiwa na njaa, wakidhani ni jioni ile ile. Kumbe nyumbani ilikuwa imepita miaka arobaini. Makaburi yao yalikuwa yamechongwa majina, matupu ndani. Mvulana akafika mlangoni kwa mama yake, viatu vikichuruzika maji, akabisha.

Hapo ndipo jumba lilipolipuka.

"Kik iyawne!" mama mmoja alipiga kelele kwa Kijaluo. "Usimfungulie huyo!"

"Walishamzika! Mtu akishazikwa hawezi kuingia kwa geti!"

"Mama, kimbia! Huyo si mtoto, ni jachien, ni pepo!"

Watu walisimama juu ya mabenchi. Bildad alishangaa kabisa. Kule Nairobi, akasema baadaye, watu walilia kwa furaha mahali pale, walipiga makofi. Hapa walitaka mlango ufungwe kwa komeo.

Nje, Agneta alikuwa na kitabu cha tiketi mkononi. Alisikia kila neno, akaweka kitabu chini na kukalia mikono yake.

Ukweli ni kwamba, miaka tisa kabla ya hapo, likizo ya Aprili, alimpeleka mtoto wake wa kwanza ufuoni mwenyewe, akampandisha katika boti ya abiria pamoja na mjomba wake waende ng'ambo Kendu Bay kumwona nyanya. Oduor alikuwa na miaka kumi na moja. Alikataa kuvaa sweta ya shule kwa sababu ya joto, akaiacha mkononi mwa mama yake. Alasiri upepo ukabadilika, boti ikapinduka. Mwili wa mjomba ulipatikana siku ya tatu. Oduor hakupatikana.

Watu wa ziwa wana namna yao ya kumaliza jambo la namna hiyo. Maji yakikataa kumrudisha mtu, ndugu huenda kukata tunda la mti wa yago, lile refu na zito linaloning'inia kama mtu aliyechoka, wakalilaza, wakalilia, wakalizika mahali pake. Basi amezikwa. Na akitokea siku moja akiwa hai, hapokelewi, kwa sababu nyumba imekwisha kumtoa. Agneta alilijua hilo tangu utotoni, na ndiyo sababu alikataa. Wazee walikuja mara ya kwanza, akawapikia. Wakaja mara ya pili, akawapikia. Mara ya tatu aliwaambia wale kwanza ndipo waseme, na walipomaliza kula walinawa mikono, wakaaga. Alikuwa mkaidi, tuseme wazi, lakini mtu angemlaumu vipi? Hakuwa na neno jingine la kumshikia mtoto wake ila hapana.

Wiki iliyofuata sinema ile, mume wake, Walter, alikuja nyumbani Mamboleo kutoka Muhoroni, alikoendesha trekta la miwa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na bado nyumba yake ya kwao ilikuwa ndani ya boma la baba yake kule Seme, kitu kilichomla ndani bila kukisema. Mwanamume hutoka kwa baba yake kwenda kuanzisha boma lake, na asubuhi hiyo yeye hubeba jogoo, mke hubeba moto, na mtoto wa kwanza wa kiume hubeba shoka. Baba mzazi ndiye huwaonyesha mahali. Sasa nani abebe shoka? Akibeba Zadock, mwana wao mdogo mwenye miaka kumi na saba, itakuwa amemruka kaka yake aliye hai. Na Oduor, kwa neno la mama yake, alikuwa hai.

Walikaa kibarazani mchana, sahani za chakula katikati yao.

"Min Oduor," Walter alisema, "mzee ameanza kusahau majina. Juzi aliniita kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Akienda kabla hajanionyesha mahali, mimi nitazikwa kwa boma ya baba yangu kama kijana asiyeoa."

"Nasikia, Baba Oduor."

"Miaka tisa unasema unasikia."

"Unataka nimfungie mtoto wangu mlango?"

Walter aliangalia mikono yake. Haikuwa mikono ya mtu mkali. "Mimi pia ni baba yake," akasema. "Watu wanasahau." Kisha akainuka kwenda kutazama paa.

Maneno hayo yalimchoma Agneta kuliko ya wazee wote. Kwa miaka tisa alikuwa amejichukulia msiba wote peke yake, hakumwachia mwenzake hata pembe ya kushika.

Jumapili ya wiki hiyo, baada ya kanisa, picha ile ilionyeshwa tena, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea, na hata magari mawili ya matajiri wa Milimani yalisimama nje. Tiketi ziliisha kabla ya saa nane. Agneta alimwomba Bildad amshikie mlango.

"Wewe? Uingie?" Bildad alimtazama. "Mama Oduor, hiyo picha si nzuri kwa wewe."

"Nimekata tiketi yangu."

Akakaa nyuma kabisa, karibu na mabati. Aliona gurudumu, ndege, kimtumbwi, ukungu. Alidhani atashindwa kutazama ule mtumbwi, lakini alitazama. Kilichomshinda kilikuwa kingine. Mlango haukuwa umetiwa komeo. Mama wa kwenye picha, mzee wa mvi, alikuwa kwenye kiti chake ndani, na ukutani pametundikwa kanzu ndogo ya mtoto, imepigwa pasi, kwa miaka arobaini. Agneta aliifikiria ile sweta ya kijani ndani ya sanduku lake, aliyoifua kila Aprili.

Mvulana akabisha. Jumba likaanza: usimfungulie, kik iyawne, alishazikwa huyo. Na kabla Agneta hajajua, alikuwa amesimama.

"Yawne!" alipaza sauti. "Mfungulie! Ni mtoto wake, mfungulie!"

Kila mtu alimjua. Kelele zikakatika, wanaume wakakaa chini mmoja mmoja. Gordon naye alinyamaza, na ikawa mara ya kwanza tangu jumba lifunguliwe televisheni iachwe iongee peke yake.

Mama mzee akafungua. Yule mvulana akamwangalia juu mpaka chini, kwa adabu, kama anavyoangaliwa mgeni, akamwuliza kitu. Kilikuwa Kiingereza chepesi, cha darasa la nne, na Agneta alikielewa bila Gordon. Mtoto alisema: Nyanya, mama yangu yuko wapi?

Agneta akaketi. Hakulia. Alitazama mpaka majina yakaanza kupanda kwenye kioo, na watu walipokuwa wakitoka walipita mbali naye kidogo, wakisema pole, Mama, pole sana, wengine wakimgusa bega.

Gordon alibaki akizungusha waya. "Nisamehe, Mama Oduor," akasema. "Hapo mwisho sikufasiri."

"Yule mama alimjibu nini?"

"Hakujibu. Hata kwa picha hajibu, analia tu. Siku ile ya kwanza mimi ndio nilimwekea maneno."

"Ulimwekea gani?"

Gordon aliona haya. "Nilisema: mama yako alikungoja mpaka akachoka, akaniacha mimi hapa nikufungulie."

Agneta alienda nyumbani kwa miguu, akafungua sanduku, akatoa sweta. Akaiweka kifuani pake mwenyewe kuipima. Ilikuwa ndogo mno. Alikuwa ameijua tangu siku ile ufuoni, akaikunja na kuikunjua mara nyingi, na hakuwahi kuona kwamba ni ndogo. Akahesabu kwa vidole umri wa Oduor, Aprili baada ya Aprili. Ishirini. Hata kama ziwa lingemtoa leo, hata kama alikuwa ameokotwa na watu wa Uganda akalelewa huko na kusahau lugha, angekuja mwanamume mwenye ndevu, na yeye Agneta angempa sweta ya darasa la tano. Yule mtoto aliyekuwa akimfulia hakuwa mahali popote, si majini wala nchi kavu. Alipofika hapo ndipo alipolia, kwa sauti, hata jirani akaja mbio.

Kesho yake alienda soko la Kibuye, kwenye marundo ya mitumba. Muuzaji akamwuliza shati ni la nani.

"La mtoto wangu."

"Ana umri gani, Mama?"

"Ishirini." Alisimama akafikiri. Walter ni mrefu. Mjomba alikuwa mrefu. "Mabega yake ni kama ya baba yake."

Alichagua la bluu lenye mistari, akalifua, akalipiga pasi, akamtumia Walter salamu kwa dereva wa lori la miwa kwamba aje. Walter alipoliona limetundikwa ukutani aliligusa mabegani. Alielewa kwamba mkewe amekubali tunda likatwe.

"Kwa sharti moja," Agneta alisema. "Akija, mimi nitamfungulia. Wazee waseme watakavyo."

"Tutafungua wote wawili," Walter akasema.

Walikusanyika Seme siku ya Alhamisi. Wanaume walikwenda kwenye mti wa yago, wakachelewa kurudi, na waliporudi walikuwa na matunda mawili badala ya moja, nyuso zao zimejaa aibu. Walikuwa wamebishana. Wengine walisema marehemu alikuwa mtoto, na mtoto huzikwa kwa tunda fupi, ndivyo ilivyo haki. Wengine hawakuwa na hakika, maana miaka tisa ilikuwa imepita. Wakayalaza yote mawili juu ya mkeka mbele ya nyumba, na babu, yule aliyeanza kusahau majina, akasema mama wa Oduor aitwe achague.

Agneta alikuja na shati mkononi. Watu wote walitazama lile fupi, hata Walter.

"Hilo refu," alisema. "Oduor ana miaka ishirini sasa."

Zadock, ambaye miezi miwili baadaye angebeba shoka, aligeuka akatazama ukuta. Walter alivua kofia, akapiga magoti upande wa pili wa mkeka, akanyanyua tunda kwa mikono yote miwili ili mkewe apate kupitisha shati. Kazi hiyo ya kumvisha mtoto hawakuwahi kuifanya pamoja tangu Oduor alipokuwa mchanga. Agneta akafunga vifungo kimoja kimoja kutoka chini, asiharakishe, akakiacha wazi kile cha juu, kwa sababu Oduor hakupenda kubanwa shingoni.