Mgomba wa Mama Mkwe

Siku ya pili baada ya harusi yetu, mama mkwe alipanda chipukizi la mgomba nyuma ya jiko langu, hapa Kanoni. Ndivyo anavyowafanyia wake wa wanawe wote: mgomba ukizaa, na bibi harusi awe amempa mjukuu. Mimi nilicheka tu. Nilidhani mtoto huja kama mvua, msimu wake ukifika.

Kumbe mgomba hauna mzaha. Mwaka ukapita na miezi yake juu, mkungu ukatoka, ukanenepa. Kila nikimwamkia shikamoo, mama mkwe anaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mkungu.

"Mwenzio tayari," aliniambia asubuhi moja. "Siku nikiukata huu, nitakaa na mwanangu tuzungumze."

Nilijua mazungumzo hayo. Ni mke mwingine, au mimi kurudishwa kwetu Kiruruma. Na mume wangu nampenda, jamani. Nilishachagua hadi majina ya watoto wanne.

Nikaenda zahanati, nusu kwa hofu, nusu kwa hamu ya kujua mtoto anakwama wapi. Nesi aliniuliza kwanza, "Mume yuko nyumbani?"

"Anafyatua matofali Bugomora. Huja kila mwisho wa mwezi, siku tatu."

"Na wewe siku zako huziona lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Mara nyingi ni mwisho wa mwezi huohuo.

Nesi akatabasamu. "Sasa hizo siku za kushika mimba, za katikati ya mwezi, mmekutana mara ngapi?"

Akanieleza kwamba wengi wanaoishi pamoja hupata mimba ndani ya mwaka, wengine huingia mwaka wa pili na wala hawaumwi. Umri unachangia, na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, hata sigara.

"Kwani na wanaume wana tatizo hilo?" nikauliza.

"Wanalo. Ndiyo maana nataka mje wawili."

"Na wasiopata ni wengi?"

"Kila kijiji wapo. Ila wanakuja hapa mmoja mmoja, kila mtu akidhani ni yeye peke yake."

Njiani nilitazama kila nyumba yenye kahawa uani, nikijiuliza, na hawa je? Nikamkumbuka mama mmoja asiye na mtoto, tunayemsema kisimani. Niliona aibu.

Nikampigia mume wangu simu, akaja katikati ya mwezi. Habari ya kupimwa ilimnunisha kidogo, halafu akakubali. Siku hiyohiyo mama mkwe akatokea na panga. Nikapiga goti, nikajikaza.

"Mama, mgomba wako umekaa na udongo wake kila siku. Mimi na mwanao tunakaa siku tatu kwa mwezi, tena zisizofaa."

Mume wangu akainamisha kichwa. Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika kwa kicheko. "Una mdomo wewe!"

Akaukata mkungu. Pale shinani palikuwa na machipukizi mawili, moja limenifika kifuani, jingine ndiyo kwanza linachungulia. Akagusa lile dogo kwa ncha ya panga.

"Sasa tutahesabu kwa hili."

"Mama, hilo si litachelewa sana?" mume wangu akauliza.

"Nimeliona, sijapofuka. Wewe kesho nenda zahanati na mkeo."