Mzee Aliyezimia

Katika mtihani wa huduma ya kwanza wa dada yangu, mimi nilikuwa mzee aliyezimia. Nililala mkekani kwenye zahanati ya Vuga, mtahini kanisimamia na saa mkononi. Dada akishindwa, sanduku la dawa la kijiji chetu cha ujamaa linapelekwa kijiji kingine.

Dada akapiga magoti. “Babu! Shikamoo, babu!”

Dada mkubwa kuniamkia mimi! Nikashindwa kujizuia. “Marahaba, mjukuu wangu.”



“Mgonjwa amejibu,” mtahini akasema, hacheki. “Sasa?”

Dada akanitolea macho. “Amezinduka. Namlaza ubavu, napima mapigo.” Akanibana mkono hadi machozi yakanitoka.

“Umefaulu. Mtoe babu yako nje kabla hajaomba ugoro.”