Kitabu cha Pili cha Kisima

Mimi ni mkono wa birika, sina haja ya kuficha. Walimu wenzangu walijua, muuza maziwa alijua, na hata mama niliyekuwa nikinunua kwake vitabu vya mchezo pale sokoni Garissa alijua. Akiniona nakaribia meza yake alivuta pumzi kwanza, kama mtu anayejiandaa kubeba debe la maji.

Vitabu vyenyewe si vya kawaida, na ni vigumu kumweleza mtu asiyevijua bila kuonekana mtu mzima aliyepungukiwa. Ni miongozo ya mchezo wa kukaa mezani na kusimulia. Mmoja ana kitabu, ndiye anayeendesha hadithi. Mwenzake anakuwa mtu ndani ya hadithi hiyo, anaamua aende wapi, apigane au akimbie, na bahati ndiyo inayoamua kama atafaulu. Nairobi, kitabu kimoja kipya kingeumiza mshahara wa mwalimu. Lakini mama yule aliuza mitumba iliyotoka Ifo, kambi ya wakimbizi, na mara nyingine, chini ya katoni za nguo na viatu, kulikuwa na vitabu na majarida ya mchezo huo, yaliyotumwa kambini na watu wa mbali wasiojua wanamtumia nani. Hakuna aliyeyataka ila mimi. Nilipewa kwa bei ya sukuma wiki, na bado nikalia nipunguziwe.

Nilicheza na mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Wajir, jirani yangu kwenye nyumba za walimu. Dadu tuliziacha, kwa sababu alisema wazee wakipita watadhani ni kamari. Tukaandika namba kwenye vifuniko vya soda, tukawa tunachota kimoja kikombeni. Jumamosi alasiri alikuja na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, tukakaa barazani mpaka adhana ya magharibi. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine wa namna ile, na sidhani nitampata.

Hadithi yetu ya mwisho ilihusu mji uliozama chini ya kisima. Yeye alikuwa mchunga ngamia aliyemfuata mdogo wake huko chini. Huyo mdogo hakuwamo kitabuni. Alimtia yeye mwenyewe, nami sikumwuliza kwa nini kwa maana nilijua. Mdogo wake wa kweli aliondoka kwenda kuvuka jangwa kuelekea Ulaya, na mara ya mwisho kupiga simu alikuwa Libya. Kwao hawakujua kama waomboleze au wangoje.

Tulipofika kwenye lango la mji, kitabu kikaisha. Kumbe kilikuwa cha kwanza kati ya viwili. Nikamwambia tungoje cha pili, lazima kitatokea sokoni. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, nibuni tu mimi, kwani walioandika vitabu hivyo ni malaika? Nikakataa. Nilitaka mambo yawe kama yalivyoandikwa. Hata kubuni nilifanya ubahili.

Na kweli kikatokea. Nilikiona chini ya rundo la masweta, moyo ukaruka, uso nikaukaza. Kwetu bara ndivyo tulivyolelewa: kitu ukikipenda, kitukane kwanza. Mama hakusoma Kiingereza. Alikiinua, akanitazama, akauliza kwa upole.

"Mwalimu, wewe unajua fitabu. Hii iko na faida kwa mtu?"

"Haina, mama. Takataka tu hiyo."

Nikaondoka nikijipongeza. Nilijua hakina mteja mwingine. Kingekaa pale, mwezi ungeisha, nami ningekichukua kwa pesa ya majani chai.

Hapo ndipo ninapojichukia, maana sikuwa mgeni Garissa. Muuzaji wa kwetu angecheka na kunitukana pia, tukaelewana. Mama yule hakuniuliza kama mteja. Aliniuliza kama wanavyomwuliza mjuzi wa mifugo pale soko la ngamia: huyu mnyama ana ugonjwa? Na ukishasema anao, mwenye mnyama hawezi tena kumuuza akanyamaza. Lazima amtajie mnunuzi ile kasoro, la sivyo ataulizwa na Mungu. Jambo hilo nililijua. Niliwahi hata kulisifu mbele ya walimu wengine.

Wiki iliyofuata mwenzangu akapata uhamisho wa kwenda Kutulo. Nilitoka shuleni mbio, pesa mkononi, tayari kulipa atakachotaja. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu. Kitabu hakikuwepo. Mama akanionyesha kwa kidevu jirani yake muuza sambusa. Kurasa zangu zilikuwa zimechanwa, zimepangwa kando ya karai, na ile ya juu ilikuwa ramani ya lango, mafuta yameshaipenya.

Mama akanieleza, naye akionekana kunihurumia. Yule mwalimu wa Wajir alikuwa amekuja kukinunua, tena bila kuuliza bei. Mama akamkatalia.

"Nilimwambia, mwenzako amesema ni takataka," akasema. "Siwezi kula besa ya mtu bure."

Siku aliyoondoka mwenzangu, nilimkuta akifunga godoro kwa kamba. Nikamsimulia yote, sikuacha kitu. Alicheka mpaka akajifuta macho, akaniambia mimi nitazikwa na risiti. Kisha akairudia kamba yake. Alitaka kuniletea kitabu kile kama zawadi ya kuagana, akasema, tucheze Jumamosi ile ya mwisho tumalize. Mama alipomwambia maneno yangu, aliyaamini. Kama mimi nimekikataa, yeye ni nani akinunue?

Akakaza fundo, akaketi juu ya godoro.

"Basi niambie wewe, walaal, ndugu yangu. Kule chini, yuko hai?"

"Sijui," nikamjibu. "Kitabu kimechanwa."

Akaitikia kwa kichwa, akaniomba nimsaidie kubeba godoro hadi kwenye gari.

Ee Mola wangu. Mdogo wake hakuwamo kitabuni. Hata kabla ya mafuta ya sambusa, jibu lile halikuwa kwenye ukurasa wowote. Lilikuwa kwangu, halinigharimu hata senti, nami nikambania.

Siku hizi hunipigia simu kutoka Kutulo. Tunaulizana habari za mvua, za mbuzi wake na za mtihani wa wanafunzi. Hajaniuliza tena.