Nilivyombadilishia mke wangu sindano za kisukari kwa vidonge akiwa mjamzito

Habari zenu wakuu. Haya yalinipata mwenyewe. Sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo, maana zikitolewa hakibaki kitu.

Ni miaka ya sitini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na degree ya historia, nafundisha sekondari Tororo, Uganda. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Mke wangu, Athieno, ni wa Paya, huko huko Tororo.

Mimba ya kwanza tuliingojea miaka minne. Ilipofika mwezi wa tano, daktari wa Tororo akamkuta na kisukari. Akaandika kwenye kadi yake: insulini, sindano asubuhi na jioni.

Kwa msiojua enzi zile, sindano ilikuwa ya kioo, unaichemsha kwanza. Friji hatukuwa nayo. Chupa ya insulini tuliitia kwenye kopo, kopo likaelea ndani ya mtungi wa maji. Mchomaji ni mimi. Nilifumba macho kabla ya mgonjwa.

Hapo ndipo usomi ulipoingia.

Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba kuna vidonge vya kisukari. Nikavuka hadi Busia, muuza dawa akanipa kichupa. Sikumwambia ni vya mjamzito, naye hakuuliza. Sisi wa mpakani tumezoea hivyo: kinachokosekana upande huu unakifuata upande ule, na hospitali za pande mbili hazijuani.

Athieno akakigeuzageuza kile kichupa. "Mwalimu, mimi nameza. Na mtoto huko ndani, naye anameza?"

"Mtoto hana kisukari," nikamjibu.

"Ndiyo sababu nauliza."

Nikacheka. Degree ya historia, wakuu.

Na vidonge vilifanya kazi! Kila asubuhi nilichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya buluu ya kupimia sukari. Ukigeuka rangi ya tofali, sukari imejaa. Ukibaki buluu, mambo shwari. Ulibaki buluu wiki baada ya wiki. Nikajiona profesa. Kwa daktari tuliendelea kwenda, nikimwambia sindano zinaendelea vizuri.

Shule zilipofungwa tukaenda Busia kwa mama yangu, na uchungu ukamkuta huko. Akajifungua hospitali ya karibu, msichana mkubwa, mashavu yamejaa. Mama akapiga vigelegele mpaka sista akamfokea, "Mama, hapa si harusini!"

"Harusi nimeona nyingi," mama akamjibu. "Mjukuu ni huyu mmoja."

Kabla jua halijazama mtoto akaanza kutetemeka. Akakataa ziwa. Athieno alikuwa amelala hoi baada ya kushonwa, kwa hiyo sista akaniuliza mimi, "Mama ana kisukari? Anatumia dawa gani?"

"Insulini," nikasema.

Ndivyo kadi ya Tororo ilivyosema. Niliona haya, mwalimu mzima, kukiri kwamba nilimdanganya daktari.

Sukari ya mtoto ilikuwa imeshuka mno, wakamtundikia dripu ya glukosi. Akatulia, akanyonya. Asubuhi wakaiondoa, maana kwa mtoto wa mama wa sindano tatizo hilo kwa kawaida hupita upesi. Vidonge vile vilikuwa vimevuka hadi kwake, na vilikuwa vya kukaa mwilini siku kadhaa, vikizidi kuishusha sukari yake.

Mchana akapoa. Hakuamka tena.

Athieno ndiye aliyetaja vidonge, akidhani nilishavisema. Sista akanigeukia.

"Mwalimu, jana si nilikuuliza?"

Hatukupata mwingine. Tangu hapo, kila alipokwenda kliniki, Athieno alinionyesha benchi la nje. "Wewe kaa hapo. Ya kwangu nasema mwenyewe."

Nilichojifunza: dawa kushusha sukari ya mama si ushahidi kwamba ni salama kwa mtoto. Siku hizi nasikia madaktari huwapa baadhi ya wajawazito vidonge, vya aina nyingine na kwa uangalizi. Hilo waulizwe wao. Wewe usibadilishe dawa kimyakimya, na ukiulizwa umemeza nini, taja kila kitu hata kama kinakuvua nguo.

Waliopitia haya, au wanaoyapitia sasa, waandike hapa chini. Wa kunitukana nao wapite tu, nafasi ipo.