Mbuzi Wetu Ni Salama

Ukitaka kujua kama mvua imenyesha Tarbaj, usimuulize baba yangu. Atakwambia imenyesha. Atakwambia ardhi imekuwa kijani na mbuzi wanakula mpaka wanachoka. Mimi siku hizi sibishani naye. Naingia kazini, nafunga leso kiunoni, napasua tumbo la mbuzi aliyeshushwa kwenye lori la kule kwetu, na tumbo linaniambia ukweli wote.

Kazi yangu ni kuosha matumbo kwenye kichinjio, hapa Garissa. Naisema wazi kwa sababu naandika. Kwa mdomo sijawahi kumwambia mtu wa kwetu hata mmoja. Kwetu, binti wa mwenye mifugo hakai kwenye sakafu ya saruji na mikono imezama kwenye mavi ya mbuzi wa watu. Aabo, ndivyo tunavyomwita baba, anajua mimi ni mpishi hotelini. Hoteli gani, hakuuliza, na mimi sikujitia kimbelembele kumwambia.

Watu wa Nairobi watacheka wakisikia Garissa naiita jiji. Na wacheke! Mimi nilitoka mahali ambapo ukisikia gari unasimama uangalie. Niliposhuka kwenye basi nikakuta lami, magorofa, pikipiki zinapita kila upande, na watu wanapishana bila hata salamu. Hilo la salamu ndilo lililoniuma. Kwetu ukikutana na mtu unamuuliza, watu ni salama? Mifugo ni salama? Na kwenye mifugo ndipo jibu linakuwa refu, mpaka mguu unakufa ganzi umesimama. Hapa nilikaa mwezi mzima bila mtu kuniuliza habari ya mbuzi wangu.

Nilikuja kwa ajili ya hao mbuzi. Ukame ulichukua ng'ombe kwanza, ukachukua ngamia, ukachukua mbuzi kwa makundi. Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mume tulikuwa tumeachana, na hilo halikuhusu. Tulibaki mimi na aabo na mbuzi jike wachache, weupe wote. Nikamwambia, "Aabo, mimi naenda mjini. Kila mwezi nitakutumia ya unga na ya sukari. Wewe usiuze jike hata mmoja." Jike wakibaki, mvua ikirudi, kundi litarudi, na mimi nitarudi. Jike wakiisha, sina pa kurudi, na yeye hana cha kumwamsha asubuhi. Aliapa. Mzee yule si mtu wa kuapa ovyo, wallahi, na siku ile aliapa.

Katika hao jike mmoja alikuwa wangu hasa. Mama yake alikufa akimzaa, nikamlea kwa maziwa, kwa kikombe cha chai. Akakua na tabia mbaya. Alikuwa anakuja kusukuma kichwa chake chini ya kwapa langu, hata nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa swala, na nikimfukuza anarudi. Aabo alikuwa akisema yule si mbuzi, ni mke mwenza. Tulikuwa tunamwita Yatima tu.

Kazini nilipokelewa na mama mmoja kutoka Mwingi, mtu mzima, mcheshi, mdomo haupumziki. Ndiye aliyenifundisha kugeuza tumbo nje ndani bila kulitoboa, na ndiye aliyeninyoosha Kiswahili changu, maana nikitaka kusema "vaa viatu" nilikuwa nasema "faa biatu" na yeye anacheka mpaka analia. "Wewe binti wa Kisomali," alikuwa akiniambia, "unaosha tumbo polepole kama unaosha mtoto mchanga. Hebu changamka, tumbo halina masikio!" Nilikuwa namjibu vibaya. Yeye anacheka tu.

Nilikuwa polepole kwa sababu nilikuwa naangalia. Ukiwa umechunga mbuzi tangu unaanza kutembea, huwezi kumwaga alichokula bila kutazama. Miezi ya kwanza nilikuta maganda ya mgunga, mbegu zake zikiwa nzima. Nikafurahi, nikasema miti bado inazaa. Baadaye nikakuta majani makavu na gome, nikajua sasa watu wanapanda juu kukata matawi. Kisha ikaja katoni. Subhanallah! Katoni za biskuti, zimelowekwa maji ili mbuzi atafune apate kitu tumboni, nyingine herufi zake bado zinasomeka. Na kamba za gunia zilizosokotana, na vipande vya nguo.

Ijumaa hiyo aabo akapiga simu. Yeye hupiga Ijumaa, akishaswali kule senta, penye msikiti na maduka, kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika. Nikamuuliza, "Watu ni salama?" Akasema salama. "Mbuzi ni salama?" Akasema, "Alhamdulillahi, kumenyesha, wanakula vizuri." Nilikuwa nimesimama nyuma ya kichinjio na mikono inanuka katoni iliyooza. Nilitaka kumpigia kelele, niseme aabo, usinidanganye, nimeona kwa macho yangu. Angeniuliza nimeona wapi. Ningemwambia nini? Kwamba binti yake anapasua matumbo? Nikamwambia mashallah. Yeye akaniuliza, "Kazi ya hoteli je?" Nikasema nzuri.

Tangu hapo nikaanza ugonjwa wangu wa malori. Likiingia lori kutoka upande wa kwetu, Wajir, naacha ndoo, nakimbia kwenye zizi, naangalia masikio. Kila familia ina alama yake. Yetu ni sikio la kushoto kukatwa ncha, na la kulia kupasuliwa katikati. Naangalia mmoja mmoja, halafu najiambia, si wetu. Nikirudi kwenye ndoo nakuwa na furaha, na furaha yenyewe ilinitia aibu, kwa sababu wale walikuwa jike wa mtu, na huko kuna mtu mwingine ambaye amebaki bila kitu. Yule mama wa Mwingi alinizoea. Nikirudi ananitazama usoni tu, anasema, "Haya, leo si wako. Shika kisu."

Siku walipokuja sikuhitaji kuangalia masikio. Lori liliingia mchana, jua kali, mbuzi wanashushwa wakiyumba kwa kiu. Nilisimama kwenye uzio. Wote walikuwa weupe, wembamba, vumbi limewajaa, humtambui huyu na yule. Sijui ni nini kilichoniingia, nikapiga ule mwito wetu. Kila nyumba ina mwito wake wa kukusanya mbuzi jioni. Wa kwetu ni kugonga ulimi, kisha "hooy" ya kuvuta. Nilipiga mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, kwa kuona haya.

Wakageuza vichwa. Si wote. Wachache, hapa na pale katikati ya wengine, waliinua vichwa na kunitazama. Kisha wakaanza kuja. Mbele yao alikuwa Yatima, anasukuma wenzake kwa ubavu. Akafika kwenye uzio, akapitisha kichwa katikati ya mbao, akakiingiza chini ya kwapa langu.

Nililia, sitaficha. Nililia kwa sauti mbele ya wanaume wa kazini. Nilimlaani aabo, kisha nikamwomba Mungu asisikie nilivyomlaani. Kumbe alikuwa ameuza wote. Sikio la kushoto, sikio la kulia, niliwahesabu mara mbili na hakukuwa na aliyebaki nyumbani.

Nikamwendea dalali mwenye lori, mtu mwenye ndevu nyekundu kwa hina, nikamwomba aniachie mmoja tu, nitamlipa kidogo kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama, akaniuliza, "Abaayo, dada yangu, utamfunga wapi?" Chumba changu kiko mtaa wa Galbet, kitanda kimegusa ukuta huku na huku, na mwenye nyumba hataki hata kuku. Na kumrudisha Tarbaj, kwa nani? Aabo akimwona Yatima anashuka kwenye lori angejua nimejua. Angejua nafanya kazi wapi. Nilimwambia dalali basi, na aliniwekea mkono begani kwa huruma, jambo ambalo si la kawaida kwetu.

Asubuhi yake walichinjwa. Yule mama wa Mwingi alikuja mapema, akasimama mlangoni akinizuia. "Leo nenda nyumbani," akasema, "nitaosha yako na yangu. Nitawaambia una homa." Nikamwambia, "Hapana, mama. Hawa nimewachunga mimi, nitawaosha mimi." Akasema nina kichwa kigumu. Nikamwambia anajua hivyo tangu zamani. Basi akakaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno mpaka tukamaliza.

Kulikuwa na katoni. Kwenye matumbo yote ilikuwa katoni, na maji. Nilimfikiria mzee wangu akizunguka madukani kule senta kuomba maboksi matupu, yeye aliyekuwa akipewa kiti kila alipoingia, akiyaloweka kwenye karai na kuwalisha kwa mkono mmoja baada ya mwingine. Aliwatunza mpaka mwisho wa uwezo wake. Hasira yangu yote ikaishia hapo, na nilitamani ingebaki, maana hasira ilikuwa inanisaidia kusimama.

Yatima alikuwa na mimba. Kitoto kilikuwa karibu kuzaliwa, kimeshaota manyoya meupe, macho yamefumba. Nilikitazama. Kilikuwa jike. Yule mama akakichukua mikononi mwangu, akakifunga kwenye leso yake, akatoka nacho nje. Sikumuuliza amekiweka wapi.

Watu wanaofanya kazi mjini huwa wanasema wako mjini kwa muda. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Sasa mtu akiniuliza narudi lini kwetu, naendelea kuosha. Kwetu ni wapi? Kwetu palikuwa pale ambapo nikigonga ulimi kuna kinachokuja. Naamka, naenda kazini, natuma ya unga na ya sukari, nalala. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi, na sioni mwisho wake.

Ijumaa ikafika, aabo akapiga. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. Nikasema moyoni, leo atanieleza mwenyewe, na mimi nitamweleza ya kwangu, tulie pamoja tumalize. Nikamuuliza, "Watu ni salama?"

"Salama."

Nikangoja. Hakuongeza. Basi nikauliza, kwa kuwa ndivyo tunavyosalimiana na nisingeuliza angeshtuka, "Na mbuzi ni salama?"

Nilimsikia akihamishia simu sikio la pili. Kisha akasema, "Salama, alhamdulillahi. Yule Yatima wako amezaa juzi. Jike. Mweupe kama mama yake."

Nilikaa chini palepale kwenye saruji.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, aabo. Mashallah. Usimuuze."

"Nitamuuzaje," akasema, "na ndiye huyu anayekungoja?" Akakohoa. Kisha, kwa kubadilisha maneno, akaniuliza leo hotelini tumepika nini.

Nikamwambia wali, kwa nyama ya mbuzi.