Mgeni wa Col

Col Brannigan, dereva wa treni mstaafu wa mji wa Townsville, alikuwa amekaa kwenye kigoda kwa saa mbili nzima, akidondosha maji ya tangi lake la samaki na matumbawe tone kwa tone ndani ya ndoo. Ndooni mlikuwa na samaki mpya aliyepaswa kuyazoea maji hayo kwanza, mdogo kama kidole, mwoga kupita kiasi.

"Zima taa, asishtuke," alinong'ona.

"Na mimi nisipumue?" aliuliza mkewe, Desley, huku akizima.

Kisha Col akazamisha mkono hadi kwapani, akapangua mawe yote ya tangini. Humo aliishi samaki mbabe wa buluu, aliyejimilikisha kila pango. Mawe yakihama, hajui tena kwake ni wapi, na mgeni anapata pa kujificha. Col akamteremsha mgeni taratibu. Mbabe akabaki kuzungukazunguka, akitafuta mlango wake.

"Umeona, mpenzi?" Col alitamba. "Mgeni anaandaliwa hivyo."

"Nimeona," alisema Desley. "Mimi, tulipooana, uliniingiza nyumbani kwa mama yako na begi langu mkononi, taa zote zinawaka, na hata kiti chake kimoja hukukisogeza."